Kopo la dawa ya kuchua: kazi zake zisizozoeleka na hatari zake

Ushauri kuhusu dawa ya kuchua hauishi. Paka nyayoni uvae soksi, paka kwenye kucha, gusisha puani, tia kwenye nyungu, jifunge nayo tumboni kwa nailoni. Baadhi ya mambo hayo yanafaa kweli, mengine hayana faida wala madhara, na mengine yameshawafikisha watoto hospitalini wakiwa na degedege. Ukijua vilivyomo ndani ya kopo utaweza kupima kila ushauri mwenyewe, kwa kuwa faida na hatari zote za dawa hii zinatokana na vitu vichache tu.

Vilivyomo ndani ya kopo

Tuanze na Vicks VapoRub, maana ndiyo iliyochunguzwa zaidi kuliko ndugu zake. Ilitokana na kazi ya mfamasia Lunsford Richardson wa Greensboro, North Carolina, Marekani, miaka ya 1890. Kopo linalouzwa Marekani lina kafuri asilimia 4.8, mentholi asilimia 2.6 na mafuta ya mkaratusi asilimia 1.2. Kopo la Uingereza lina kafuri asilimia 5, mentholi 2.75, mkaratusi 1.5 na tapentaini 5. Sehemu kubwa iliyobaki ni mafuta ya mgando. Kopo ulilonalo linaweza kutofautiana kidogo kulingana na kiwanda, kwa hiyo ligeuze usome.

Mentholi ndiyo inayoleta ule ubaridi. Huamsha neva zinazohisi baridi puani na kwenye ngozi, na ubongo hupokea habari kwamba hewa inapita kwa wingi. Lakini njia ya hewa ikipimwa, haijapanuka. Nafuu anayoipata mgonjwa ni ya kweli, atalala vizuri zaidi, ila kamasi liko palepale. Jambo hili lishike sana, kwa sababu mtu anayepumua kwa shida anaweza kupakwa, akasema amefunguka, kumbe hali inazidi kuwa mbaya.

Kafuri, ile ile karafuu maiti inayotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti, hupasha ngozi joto na kupunguza ukali wa maumivu. Hupenya ngozi isiyo na jeraha taratibu, na hupenya haraka mahali penye utando laini au palipochubuka: puani, mdomoni, kwenye jeraha, sehemu za siri. Ikiingia mwilini kwa wingi hushambulia ubongo.

Mafuta ya mgando kazi yake ni kushikilia vile viwili kwenye ngozi ili harufu itoke polepole. Hulainisha ngozi kavu. Pia huwaka moto, na yakivutwa mapafuni mwili hauwezi kuyayeyusha.

Kuna kundi jingine la dawa za kuchua misuli, kama Deep Heat, ambazo kwenye lebo utaona maneno methyl salicylate. Hiyo ni jamaa wa karibu wa aspirini. Mtu mwenye mzio wa aspirini, au anayetumia warfarini ili damu isigande, asiipake bila kumuuliza daktari, na mtoto asipakwe kabisa. Usidhani kwamba kila kopo lenye harufu kali ni dawa ya mafua.

Kupaka kwa mafua na kikohozi

Hii ndiyo kazi yake halisi, na ina ushahidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulihusisha watoto 138 wenye umri wa miaka 2 hadi 11 wenye mafua. Waliopakwa VapoRub walilala vizuri na kukohoa kidogo usiku kuliko waliopakwa mafuta ya mgando peke yake au wasiopakwa kitu. Karibu nusu yao, hata hivyo, walipata muwasho mdogo wa ngozi, pua au macho. Kwa hiyo inasaidia, na inawasha; yote mawili ni kweli.

Fanya hivi:

1. Hakikisha ngozi ya kifua ni nzima: haina vipele vilivyokunwa, jeraha wala ukurutu.
2. Kwa mtu mzima chota nusu kijiko cha chai. Kwa mtoto aliyetimiza miaka 2 chota kiasi cha punje ya harage, si zaidi.
3. Paka kifuani na kooni kwa nje, au mgongoni kwa mtoto anayependa kujishikashika kifua. Kupaka mgongoni ni salama zaidi kwa wadogo, kwa sababu mkono hauwezi kufika pale kisha ukaenda mdomoni au machoni.
4. Mvalishe nguo pana, shingo iwe wazi ili harufu ipande. Usifunge kwa bandeji, nailoni wala kitambaa cha kubana.
5. Nawa mikono kwa sabuni na maji ya vuguvugu kabla ya kugusa uso wa mtu yeyote, hasa kabla ya kunyonyesha. Maji matupu hayaondoi mafuta haya.
6. Usirudie zaidi ya mara 3 kwa saa 24.

Kikohozi kikivuka siku 7 bila kupungua, acha kupaka uende ukapimwe. Kikifika wiki 2, omba kipimo cha kifua kikuu bila kungoja dalili nyingine. Na mtoto mwenye homa katika eneo lenye malaria apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kumpaka mtoto anayechemka na kumlaza ukisubiri asubuhi ni kupoteza saa ambazo huenda ndizo zingemwokoa.

Mwenye pumu awe mwangalifu. Harufu kali huweza kumbana kifua. Kama mara ya kwanza alipopakwa alianza kukoroma kifuani, asipakwe tena.

Mtoto chini ya miaka 2

Asipakwe. Si kifuani, si nyayoni, si puani, si kwenye nguo yake, wala si kidogo tu. Kuna makopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga yasiyo na kafuri wala mentholi, lakini kopo la wakubwa halipunguzwi makali kwa kuchanganywa na mafuta ya nazi.

Sababu ni hii. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba mno, na uvimbe au kamasi kidogo tu huiziba. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mtoto wa miezi 18 aliyeanza kupumua kwa shida kubwa baada ya kupakwa dawa hii chini ya pua. Walipoijaribu kwa wanyama waligundua kwamba inachochea utando wa njia ya hewa kutoa kamasi zaidi na kupunguza kasi ya kulisukuma litoke. Mtu mzima hawezi hata kugundua tofauti hiyo. Mtoto anaweza kushindwa kupumua.

Badala yake, msaidie kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe, pima mililita 250 utie nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko bapa kisicho na kichuguu. Tia matone 2 au 3 katika kila tundu la pua kabla ya kunyonya, ngoja dakika moja, kisha vuta kamasi kwa kifaa cha mpira kinachouzwa duka la dawa. Tengeneza maji mapya kila siku. Aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kupewa nusu kijiko cha chai cha asali kabla ya kulala. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku.

Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima, ukitazama tumbo linavyopanda. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi na huenda ni nimonia. Nyama za chini ya mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta hewa, ondokeni sasa hivi. Hakuna dawa ya kuchua inayotibu hilo.

Nyungu na mvuke

Mwaka 2020, wakati wa korona, nyungu ilirudi kwa nguvu Tanzania, na wengi wakaongezea kijiko cha dawa ya kuchua kwenye sufuria. Mvuke hauui virusi vya mafua wala vya korona. Hulainisha kamasi na kumliwaza mgonjwa, basi.

Kuhusu kutia dawa kwenye maji ya moto, hata watengenezaji hawasemi jambo moja kila nchi. Lebo ya Marekani inakataza kabisa. Ya Uingereza inaruhusu vijiko 2 vya chai kwenye bakuli la maji ya moto yasiyochemka, kwa watu wazima na watoto waliozidi miaka 6. Sisi tunasimama na lebo ya Marekani. Mafuta huelea juu ya maji, na yakirukia usoni hunata na kuendelea kuunguza pale ambapo maji matupu yangekuwa yameshateremka. Kuipasha dawa yenyewe jikoni au kwenye maikrowevu ni hatari zaidi: hulipuka ghafla na kumrukia machoni aliyeinama.

Anayetaka mvuke afuate utaratibu huu. Chemsha maji, yaepue, yaache dakika 5 hadi 10. Mimina kwenye beseni pana, zito, lililowekwa juu ya meza isiyotikisika. Kaa kitini, uso uwe kama sentimita 30 juu ya maji, fumba macho, jifunike taulo kichwani. Vuta mvuke kwa dakika 5 hadi 10. Ukitaka harufu, paka dawa kifuani kabla ya kukaa, badala ya kuitia majini. Utapata harufu ile ile.

Watoto wasifukizwe. Watoto wengi huungua wakati wa kufukizwa kwa sababu wanapiga teke, wanaogopa giza la blanketi, au wanavuta beseni. Na mtu yeyote asijifunike blanketi pamoja na jiko la mkaa linalowaka. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na ndani ya blanketi hujaa upesi.

Akiungua: mwagia maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20, vua nguo isiyoganda kwenye ngozi, funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga na dawa hii yenyewe vyote vikae mbali.

Fangasi ya kucha

Kati ya matumizi yasiyo rasmi, hili ndilo lenye ushahidi wa kueleweka. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya watu 18 waliopaka VapoRub kwenye kucha zenye fangasi kila siku kwa wiki 48. Watano walipona kabisa, 10 walipata nafuu ya kiasi, watatu hawakubadilika. Watu 18 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Lakini dawa ni rahisi, na mwenye ini lisilomruhusu kunywa vidonge anaweza kujaribu.

Wanaoshindwa mara nyingi hushindwa kwa sababu mbili: wanapaka juu ya ukucha mnene usiopenyeka, au wanaacha baada ya mwezi. Kwa hiyo:

1. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, kisha ukaushe vizuri, hata katikati ya vidole.
2. Kata sehemu iliyoachana na nyama. Sugua uso wa ukucha kwa tupa ya kucha mpaka upungue unene. Tupa hiyo iwe ya ukucha huo pekee, asiitumie mwingine.
3. Kwa kijiti cha pamba, paka kiasi cha punje ya mchele juu ya ukucha, kwenye kingo na chini ya ncha yake.
4. Ngoja dakika 15 kabla ya kuvaa soksi au kutembea bila viatu. Sakafu ya vigae na mguu wenye mafuta haviendani.
5. Rudia kila usiku. Sugua ukucha mara moja kwa wiki.
6. Piga picha kila mwezi, mguu ukiwa kwenye mwanga ule ule.

Angalia shina la ukucha, si ncha. Ukucha wa kidole gumba cha mguu huota takriban milimita 1.5 kwa mwezi, na huchukua mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu kubadilika wote. Baada ya miezi 3 unatakiwa kuona ukanda safi wa kama milimita 4 shinani. Usipouona, dawa hii haikufai. Muulize daktari kuhusu tebinafini, vidonge vya fangasi, ambavyo kwa kucha za mguu humezwa wiki 12.

Mwenye kisukari asianze kukata na kusugua mwenyewe nyumbani, kwani kidonda kidogo asichokihisi kinaweza kumgharimu mguu. Na ukiona mstari mweusi ndani ya ukucha unaopanuka, au weusi unaovuka kuingia kwenye ngozi, nenda hospitali. Huo unaweza kuwa saratani ya ngozi, na kwa watu weusi mahali inapopenda kuanzia ni nyayo, viganja na chini ya kucha.

Kazi ndogo ndogo

Nyayoni na soksi kwa ajili ya kikohozi: hakuna ushahidi kwamba nyayo zina njia ya pekee kwenda kifuani. Kwa mtu mzima haina madhara, ila angalia usiteleze. Nyufa za visigino hulainika kwa sababu ya mafuta ya mgando, kwa hiyo nunua mafuta ya mgando ya kawaida ambayo ni rahisi na hayachomi. Ufa uliotoa damu usiupake dawa ya kuchua.

Kuumwa na mbu: doa dogo hutuliza muwasho. Kufukuza mbu: harufu inaweza kuwasumbua kwa muda mfupi, lakini haichukui nafasi ya chandarua. Mkaratusi ulio ndani ya kopo si ule mkaratusi-limau unaotumika kwenye dawa za kujipaka dhidi ya mbu.

Kichwa kuuma: gusa kidogo kwenye paji la uso na nyuma ya shingo, mbali na macho. Misuli iliyokaza: chua dakika 3 hadi 5, usiweke chupa ya maji ya moto juu yake, kwani joto huongeza upenyaji wa kafuri na ngozi inaweza kuungua.

Harufu mbaya: wanaosafisha vyoo vya shimo, machinjio au wanaohudumia maiti hupaka chini ya pua. Ni bora kupaka nje ya barakoa kuliko kwenye ngozi ya karibu na tundu la pua.

Gundi ya stika kwenye chupa au plastiki: paka, acha dakika 30, futa kwa kitambaa, osha kwa sabuni.

Mahali pasipopakwa

Puani ndani. Wanaojipaka humo kila usiku kwa miezi au miaka huvuta mafuta kidogo kidogo wakiwa wamelala. Mafuta hukusanyika mapafuni na kuleta nimonia ya mafuta, ambayo kwenye picha ya eksirei hufanana na nimonia ya kawaida au hata uvimbe, lakini haisikii viuavijasumu. Daktari asipojua kwamba unajipaka puani, atahangaika. Mwambie.

Machoni, hata kwenye kope ili usisinzie ukisoma. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, huungua. Ikiingia, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, toa lenzi kama umevaa, kisha uone mtaalamu wa macho.

Sikioni, kwa pamba yenye dawa. Kama ngoma ya sikio imetoboka, unaipeleka kafuri ndani kabisa.

Sehemu za siri na kwenye bawasiri. Huchoma vibaya sana, na mafuta ya mgando huharibu mpira wa kondomu kwa dakika chache tu.

Tumboni chini ya nailoni kwa ajili ya kupunguza unene. Hakuna mafuta yanayoyeyuka kwa kupakwa. Unachopoteza ni jasho, na maji yake yanarudi ukinywa glasi mbili. Nailoni huku ikizuia kafuri isipae huisukuma ndani, na malengelenge hufuata. Mjamzito asifanye hivi kamwe, maana kafuri huvuka kondo la nyuma.

Karibu na moto. Usiwashe jiko, kibatari au sigara ukiwa na mafuta haya mikononi au kwenye nguo, na mgonjwa anayetumia oksijeni asipakwe usoni.

Akimeza

Hapa hesabu ina maana. Gramu 1 ya dawa yenye kafuri asilimia 4.8 ina miligramu 48. Kijiko cha chai hubeba gramu 4 hadi 5, yaani miligramu 200 hadi 240. Kiwango kinachomlazimu mtu kupelekwa hospitali ni miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, hata kama hana dalili. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni miligramu 300: kijiko kimoja na robo tu. Mafuta ya kafuri ya chupa yanayouzwa sokoni yanaweza kuwa makali mara kadhaa zaidi, na kafuri ya vipande ni kali kupita yote. Kipande kidogo kinatosha kuua mtoto. Mafuta safi ya methyl salicylate nayo yasiwepo nyumbani penye watoto: kijiko kimoja cha chai kina sawa na takriban gramu 7 za aspirini.

Degedege huweza kuanza ndani ya dakika 5, na kwa kawaida kabla dakika 90 hazijapita. Kabla yake huja kichefuchefu, kuchoma mdomoni, wekundu usoni, kuweweseka. Wakati mwingine hakuna onyo lolote.

Kwa hiyo usimtapishe, kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, kwa kuwa akishikwa na degedege huku anatapika matapishi yataingia mapafuni. Usimpe maziwa wala mafuta ukidhani yanavunja sumu. Futa mdomo wake kwa kitambaa chenye maji, nawisha mikono yake, mpeleke hospitali pamoja na kopo lenyewe ili waone kilichoandikwa. Akishikwa na degedege njiani, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na msisimame.

Aliyelamba ncha ya kidole tu na yuko sawa, mfute mdomo na umwangalie kwa saa 2 bila kumwacha alale peke yake. Kisha pandisha kopo juu ya kabati lenye kitasa, kifuniko kikiwa kimekazwa. Kwenye kingo ya dirisha karibu na kitanda ndipo watoto wengi wanapolikuta.